Kiambaza cha Upande wa Njia

Maji yalipokauka Muyeye, kila mtu alitoka kutazama alichobakishiwa. Mumbua alitazama kiambaza. Vyombo viliweza kuoshwa, magodoro yangeanikwa siku ambayo jua lingekumbuka kutoka, na cherehani yake ya mkono ilikuwa salama juu ya meza, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza alichokinyanyua maji yalipoingia, kabla hata ya kumnyanyua binti yake mdogo, jambo ambalo majirani walilicheka na yeye akalicheka pamoja nao. Kiambaza cha upande wa njia ndicho kilichomnyima kicheko. Udongo ulikuwa umemeguka chini kote maji yalikosimama, fito zimebaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, na juu yake uzito wote wa udongo uliolowa ulikuwa umeinamia nje, pale pale watu wanapopita kwenda kisimani.

Alimwita mumewe aje aone. Musembi akaja, akainamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili, akasema haoni kitu. Kiambaza kilikuwa hivyo tangu wanunue nyumba.

"Basi wewe ndiye uliyeinama, Baba Ndunge," Mumbua akamwambia.

Musembi alikuwa weita katika hoteli moja ya ufuoni. Kila masika wageni waliporudi kwao Ulaya hoteli ilifungwa, na wafanyakazi wakaambiwa waonane Julai. Kwa hiyo muda alikuwa nao tele. Mikono pia alikuwa nayo, ila ilikuwa mikono ya kubeba sahani nne za supu bila kumwaga tone, si ya kushindana na udongo. Wala hakuwa mjinga. Alikiona kiambaza vizuri kuliko alivyokubali, na sababu ya kukataa kwake Mumbua aliijua kama alivyoijua yeye.

Nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa yao. Walipoinunua kwa mtu aliyekuwa akirejea Taita, walichonunua ni nguzo, fito, makuti na mlango. Kiwanja kilikuwa cha bibi mmoja wa Shela, mjini Malindi, aliyekirithi pamoja na nusu ya mtaa, na watu walimlipa kodi ya kiwanja kupitia kwa msimamizi wake, Mzee Ngala. Masharti hayakuandikwa popote, lakini hakuna mpangaji aliyehitaji kukumbushwa. Ujenge kwa miti na udongo, usijenge kwa mawe. Maadamu nyumba yako imesimama, hakuna wa kukuondoa. Siku itakapolala chini, kiwanja kimerudi kwa mwenyewe, akitaka akupe tena, akitaka ampe mwingine. Ndiyo maana Muyeye kulikuwa na nyumba zilizotiwa viraka miaka nenda miaka rudi, hata mwenyewe asikumbuke ni mti upi uliokuwa wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kubomoa ajenge upya.

Basi Musembi hakuogopa kuangukiwa na kiambaza. Aliogopa kianguke. Mumbua na mabinti walipohamia kwa jirani yao Kadii, yeye alikataa kwenda. Nyumba isiyolala mtu, alisema, haichukui muda kuitwa gofu. Kila jioni alirudi mle ndani na redio yake kwapani, na kila alfajiri Mumbua aliamka roho juu, akatega sikio, asitulie mpaka asikie redio ile ikikoroma.

Wa kwanza kuja kutoa pole alikuwa Gitau, mwenye duka la pembeni. Alileta kilo ya sukari. Mumbua aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamvutia kigoda, lakini Gitau hakukaa. Alitembea kutoka pembe ya nyumba hadi njiani, akitia mguu mbele ya mguu, akarudi vivyo hivyo, akasema mahali hapa pana biashara, maana watu wote wa kisimani hupita hapa. Alipoondoka, Mumbua aliitazama ile sukari kwa muda. Jioni aliitia kwenye chai kwa kuwa watoto walikuwa wakiingojea, na yeye mwenyewe akanywa yake bila sukari.

Musembi alipohadithiwa ule mwendo wa Gitau, alifanya alichokiona cha busara. Hotelini kulikuwa na ukuta wa bustani uliobomolewa kabla ya masika, na askari wa lango alikuwa rafiki yake. Alikwenda na mkokoteni wa kuazima, akarudi na mawe ya matumbawe yaliyochongwa vizuri na saruji iliyosalia katika mfuko. Shauri lake lilikuwa kupanga mawe chini ya kiambaza, pale udongo ulipomeguka, ili kiambaza kipate pa kukaa. Kwao Machakos ardhi ilikuwa ya baba yake, na mtu akitilia nyumba yake mawe hapakuwa na wa kumwuliza. Alifanya kazi tangu asubuhi, suruali yake nyeusi ya hoteli imekunjwa hadi magotini. Mumbua, aliyekuwa akimchanganyia saruji, alianza hata kumwonea fahari. Katika haraka yao ya kuokoa nyumba, wote wawili walisahau ni ardhi ya nani.

Mzee Ngala alifika adhuhuri. Alikuwa Mgiriama aliyesilimu zamani na kulelewa katika nyumba ya akina bibi yule, mtu wa kanzu safi hata siku za tope, mwenye kusema polepole. Mumbua akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba, akauliza hali za watoto, akauliza wanalala wapi, akasikitika. Kisha akaelekeza bakora yake chini.

"Haya ni mawe, Musembi."

"Ni ya kushikilia tu, Mzee. Kwa muda, mpaka mvua iishe."

"Nyuma ya kisima kuna bwana mmoja aliniambia maneno hayo hayo. Leo ana nyumba ya mawe na wakili." Mzee Ngala hakupandisha sauti. "Mimi sikukatazi kutengeneza nyumba yako. Tia miti, tia fito, tia udongo, hata makuti ukitaka. Lakini jiwe katika kiwanja cha Bi Mkubwa siliachi, kwani kesho nitaulizwa mimi."

Musembi aliomba aachiwe mpaka apate miti. Mzee Ngala akasema hana haraka, atangoja. Na kweli alingoja. Alikaa kigodani, bakora katikati ya magoti, na Musembi akayang'oa mawe yake moja moja mbele ya watu waliobeba madebe ya maji. Wengine walimpa pole. Mmoja alimwuliza kama hoteli imemfuta kazi. Musembi aliwajibu wote kwa ile sauti yake ya kuwauliza wageni watakunywa nini, na Mumbua, aliyeijua sauti hiyo, aliumia kuliko kama angemsikia akitukana.

Jiwe la mwisho lilipotoka, kiambaza kilishuka. Hakikuanguka, ila kilikaa chini kwa kishindo, nguzo ya kati ikalia, na ufa ukapanda mpaka juu kwenye ule mti unaobeba paa, ambao wajenzi huuita mwamba. Mzee Ngala mwenyewe aliruka nyuma, kigoda kikapinduka.

"Sikutaka hivi," alisema, na ilionekana kwamba kweli hakutaka. Akaiweka sawa kofia yake. Akawaambia kwamba Ijumaa, baada ya sala, angepita mtaa mzima kutazama nyumba zilizosimama na zilizolala, kwani Bi Mkubwa alitaka kujua. Wala hangewaficha: yupo mtu aliyekwisha kukiomba kiwanja hiki, endapo. Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja.

Jioni ile walikaa nyuma kwa Kadii, kando ya jiko ambalo Kadii alipikia mbaazi za kuuza. Mumewe, Dena, alikuwa ametoka Ganda siku ile, ambako Mto Sabaki ulikuwa umelala juu ya mahindi yake, na kwa hiyo hakuwa mtu wa kushangazwa na hasara ya mwingine. Alisikiliza yote, akaenda kukitazama kiambaza, akarudi akasema hakitafika mbali.

Musembi alikuwa na shauri. Wakiegemeze kwa miti upande wa nje mpaka Ijumaa ipite. Mzee apite, aone nyumba imesimama, aende zake, ndipo wafikirie mengine. Dena akamwambia kwamba ardhi ya njiani ni uji mtupu. Miti itazama, na kiambaza kitaifuata. Mumbua akasema kiambaza kibomolewe, wakibomoe wao wenyewe, kabla hakijachagua saa yake.

"Tukikibomoa wenyewe," Musembi akasema, "tutakuwa tumemfanyia Gitau kazi bure."

"Na kikikuangukia wewe usiku?"

"Kikiniangukia mimi, kiwanja utaachiwa. Hawataweza kumfukuza mjane."

Kadii aliacha kukoroga. Mumbua aliona kwamba mumewe hakuwa akitania. Alikuwa amelipima jambo hilo peke yake mle ndani, na redio yake, na akaliona linafaa. Hasira zilimpanda Mumbua.

"Sikukufuata kutoka Machakos nije nikurithi fito, Baba Ndunge. Na si wewe peke yako uliye chini ya kiambaza kile. Watoto wa watu hupita pale na pakiti zao za maziwa ya Nyayo wanayopewa shuleni. Kikimwangukia mmoja, utamwambia mama yake nini? Kwamba tulikuwa tunangoja Ijumaa?"

Musembi alitazama miguu yake, ambayo bado ilikuwa na saruji kwenye vidole. Kisha akauliza tu miti itatoka wapi.

Hapo ndipo likaja swali lililowakosesha wote usingizi. Nyumba iliyosimama ni nyumba gani? Kadii alisema ni paa. Maadamu paa liko juu, nyumba iko. Dena alisema zama za baba yake walitazama jiko, kama lina moto. Mama mmoja aliyekuja kununua mbaazi akasema ni mlango, naye akaondoka na mbaazi zake kwa uhakika mkubwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua kama nyumba yenye viambaza vitatu ni nyumba au si nyumba, kwa sababu Muyeye nzima hakuna aliyewahi kuthubutu kujaribu.

Dena aliwapatia miti kwa ndugu zake wa Ganda, miti minene yenye panda juu. Kazi yenyewe haikuwa ya siri. Kwanza walichimba mtaro mdogo maji yaliyosalia yaondoke ukutani. Kisha wakaingiza miti ndani, panda zikaukamata mwamba, ili paa libebwe na miti hiyo na kiambaza kisibaki na mzigo wowote. Mumbua aliielewa kazi hiyo upesi kuliko mumewe, maana nguo nayo hushikizwa kwanza kwa uzi wa kutolewa, ndipo ishonwe. Kilichowashinda ni sakafu. Ilikuwa imelowa, na kila mti uliposimamishwa ulizama taratibu hadi panda ikaachana na mwamba. Zilihitajika mbao pana za kukalishia miti, na jiwe halikuwezekana tena.

Mumbua aliitazama meza yake ya kukatia vitambaa. Ilikuwa ya mvule, kitu pekee cha thamani walichokuwa wamenunua kipya.

"Ikate," akasema.

Musembi akamwuliza kama ana hakika. Akamwuliza tena akiwa ameshika msumeno. Mara ya tatu Mumbua alimwambia kwamba akiendelea kuuliza ataikata yeye, na kwa kuwa alijua mkewe hasemi tu, Musembi akaanza. Cherehani ikahamia juu ya kasha. Mumbua hakulia, ila alitoka nje kwa shughuli isiyokuwepo mpaka sauti ya msumeno ilipokoma.

Kiambaza kilishushwa kuanzia juu. Dena alipanda, akakata kamba zilizofunga fito, akamegua udongo mkono kwa mkono, na Musembi akaupokea chini akautia ndani ya karai. Kadii alifunga kamba njiani na kusimama hapo mwenyewe, na ulimi wake ulizuia watu kuliko kamba. Kila aliyepita alielezwa, na kila aliyeelezwa alibaki kusaidia kwa ushauri. Udongo wa mwisho ulipotoka, paa lilitoa mlio, vumbi la makuti likawamwagikia vichwani, kila mtu akakimbia upande wake. Paa halikushuka. Musembi alirudi wa kwanza, akaushika mti mmoja, akausukuma kidogo, akamwangalia mkewe. Alikuwa akicheka, na Mumbua hakukumbuka mara ya mwisho alipomwona akicheka kwa meno yote.

Asubuhi ya Ijumaa Dena alikwenda Ganda kuleta makuti ya kuzibia ule upande, kwani udongo mpya haungekandikwa mpaka mvua zikatike. Alisema atarudi mapema. Lakini barabara ya Ganda ilikuwa imekatika mahali, na mchana ukafika, adhana ikasikika kutoka mjini, na Dena hakuonekana.

Nyumba ilikuwa wazi kama duka. Kila aliyepita aliona kitanda na ule mguu wake uliofungwa waya, koti jeupe la Musembi likining'inia, karai, ndoo, sufuria iliyotoboka ambayo Mumbua alikuwa akiificha hata Kadii asiione, na chungu cha usiku cha binti mdogo. Watu wenye adabu waligeuza nyuso. Wengine walisalimia mpaka ndani. Musembi alitaka kutundika mashuka, lakini Mumbua akakataa. Mzee angedhani wanaficha kitu, na shuka moja likipeperushwa na upepo mbele yake lingekuwa aibu zaidi. Alitandika leso yake nzuri juu ya kitanda, akafunga mlango wa mbele kwa mazoea tu, akaketi mbele ya kasha kushona sare za shule. Wateja wawili walikuwa wamekuja kudai vitambaa vyao virudishwe, wakisikia fundi hana nyumba tena.

Mzee Ngala alikuja na Gitau. Majirani waliwaona kutoka mbali, wakakusanyika njiani bila kuitana. Musembi alikuwa nje na jembe, akisawazisha udongo ulioshushwa. Alisimama wima, mdomo ukafunguka, na lile tabasamu la hotelini likakataa kuja.

Mzee Ngala alisimama mbele ya upande uliokuwa wazi. Alitazama miti yenye panda, akatazama mbao zilizokaliwa na miti hiyo, akatazama paa. Mumbua aliiacha cherehani, lakini hakuinuka. Aliogopa kwamba akisimama tu, kila kitu kitakwisha, watakuwa watu wa kubeba kitanda kichwani wakitafuta pa kukiweka.

Gitau ndiye hakungoja. Alivuka pale kiambaza kilipokuwa, akaingia na viatu vyake vya tope mpaka kati ya kitanda na kasha, akaanza kutia mguu mbele ya mguu. Tope likabaki sakafuni kila alipokanyaga.

"Ni kama nilivyokuambia, Mzee," alisema, macho chini, akihesabu. "Hapa ni peupe. Hapana nyumba hapa."

Mumbua alimwona akimpita ubavuni kana kwamba naye ni kasha.

"Gitau." Sauti ya Mzee Ngala ilikuwa ya chini, lakini haikuwa ile ya siku zote. "Toka humo. Toka upesi. Wewe kwenu mlifunzwa nini? Waingiaje nyumba ya watu bila hodi, na mwanamke amekaa ndani?"

Gitau alisimama mguu mmoja mbele, akamtazama Mzee, akautazama uwazi aliopitia, asijue kama anatakiwa atoke kwa pale pale au atafute pengine. Mwishowe alitoka, huku akijaribu kutokanyaga.

Mzee Ngala naye alionekana kuyasikia maneno yake baada ya kuyasema. Aliwaona watu wote waliomsikia. Alisimama hivyo kidogo, akivuta ndevu zake. Angeweza kusema mengi, kwani alikuwa msimamizi, na neno la msimamizi hugeuka. Lakini alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo mtoto alichapwa kwa kuingia bila kubisha, na uzee haukumwondolea malezi hayo. Akaigeukia njia, akaizunguka pembe ya nyumba kwa hatua zake za polepole, mpaka mbele kwenye mlango uliofungwa. Akavua makubazi.

"Hodi," alisema.

Mumbua angeweza kuinama tu akamwona kwa upande ule uliokuwa wazi. Hakuinama.

"Hodi wenyewe."

Aliinuka. Alijifunga leso sawasawa, akakung'uta nyuzi mapajani, akaenda mlangoni, akaufungua.

"Karibu, Mzee Ngala. Shikamoo. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu." Aliingia, akainamisha kichwa chini ya kizingiti ingawa hakuwa mrefu, akaketi kwenye kiti alichoonyeshwa. Kutoka mle ndani aliwaona watu wote walio njiani, nao walimwona. Musembi alikuwa bado amesimama na jembe lake huko nje.

"Siku hizi mbili tatu mzibe," Mzee akasema. "Kwa makuti. Mvua zikikatika, mtakandika." Akaitazama leso nzuri kitandani, akaondoa macho haraka kwa heshima. "Nami nitamwambia Bi Mkubwa kwamba hapa nilibisha hodi, nikakaribishwa."

Mumbua alitaka kusema ahsante. Akaona heri aseme anakwenda kumtilia chai, apate pa kugeuzia uso, kwa kuwa machozi yalikuwa yamekwisha kufika. Lakini jiko lilikuwa upande wa njia, na kiambaza cha kujifichia hakikuwepo, basi akalia hapo hapo, mbele ya mtaa mzima, huku akipuliza moto.